Yakuti Aliyoikataa Nusrat

"Sema tu ni ya asili," Mbarouk alimnong'oneza. "Neno moja."

Jicho la Nusrat lilikuwa kwenye lenzi, akiikagua yakuti ya buluu. Duka lile la vito, Shangani, lilikuwa la Mbarouk. Kuyatambua mawe ilikuwa kazi ya Nusrat. Ijumaa iliyofuata walikuwa waoane.

Mbele ya meza alikaa Pandu, mpishi wa hoteli Nungwi, aliyejinyima miaka miwili ili amvishe pete mchumba wake.

"Vipi dada, nzuri?"

"Nzuri. Lakini imetengenezwa kiwandani."

Mbarouk alikohoa. "Anakusudia imepitishwa motoni. Yakuti nyingi hupitishwa motoni, rangi ikolee."

"Hizo zimetoka ardhini, na mteja huambiwa. Hii haijapata kuiona ardhi. Chukua lenzi, kaka. Unaiona mistari iliyopinda? Na vipovu? Ya asili mistari yake ya rangi hunyooka."

Pandu aliangalia sana.

"Na buluu yote hii?"

"Buluu iliyokolea na kung'ara ndiyo ghali, ikiwa ya kweli. Lakini yakuti ziko za manjano, za kijani, hata za waridi. Kwa bei uliyotajiwa utapata ya manjano, ndogo, ya kweli, kutoka Tunduru."

Pandu alirudisha bahasha yake mfukoni, akashukuru, akatoka.

"Umeniumbua," Mbarouk alisema.

"Ulitaka niseme uongo."

"Na mie nimedanganywa, Nusrat. Aliyeniuzia kaniapia. Mie najua kuuza, mawe siyajui."

Jioni, Nusrat akiwa kwao mtaa wa Malindi, ujumbe uliingia: "Nisamehe mpenzi. Wallahi sikujua."

Alitaka kumwamini. Alikuwa keshaanza kuandika "nshasamehe" jicho lake lilipoangukia pete yake ya uchumba. Akaivua, akaitazama kwa lenzi. Mistari imenyooka. Ndani, nyuzi nyembamba kama za hariri. Yakuti ya asili kabisa.

Akampigia.

"Pete yangu nani aliichagua?"

"Mwenyewe," Mbarouk alijibu kwa fahari. "Mawe arubaini nliyarudisha, yote feki, mpaka nkaipata hiyo."

"Ulijuaje kama ni feki?"

"Wewe mke wangu, Nusrat. Yule mteja tu."

"Yule naye ana mchumba."

Akakata simu. Alilia, kwa sababu alimpenda kweli, na mpaka alfajiri mapenzi yale yalikuwa hayajapungua hata kidogo.

Asubuhi alikuja Bi Tabia, mama yake Mbarouk.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu, kadi zishatolewa. Mwanamke humsitiri mumewe."

"Angeugua ningemsitiri. Angefilisika ningemsitiri. Wizi siusitiri."

"Jiwe moja tu."

"Hilo moja ndilo nililoliona mimi."

"Utazeeka peke yako, na elimu yako ya mawe."

"Nizeeke, mama."

Akamtia pete kiganjani, akamfunga vidole taratibu. "Hii ni ya kweli. Mwambie aiuze kwa bei yake."

Ijumaa ya harusi, baada ya sala, simu iliita mara tatu. Hakupokea. Ndipo ujumbe wa Mbarouk ukaingia:

"Watu wanauliza kwa nini hakuna harusi. Niwaambie nini?"

Nusrat aliandika:

"Waambie ukweli. Utauzoea."