Gramu Mia Nne za Sahani Tupu

Mizani ilikuwa tupu, sahani yake imepanguswa mpaka inang'aa, lakini kompyuta ilisema juu yake kuna gramu mia nne.

Mwanafunzi hakushtuka. Ukinunua mizani ya kupimia vichanga kwa muuza vyuma chakavu, kwa bei ya viatu vya mtumba, huitegemei iseme kweli siku ya kwanza. Kioo chake cha tarakimu kilikuwa kimekufa, na kitufe cha sifuri kimezama ndani hakirudi. Kilichobaki kizima ni tundu la pini tisa huko nyuma, la zama ambazo kompyuta zilibebwa na watu wawili. Kompyuta mpakato yake haikuwa na tundu la namna hiyo. Alizunguka maduka siku mbili kutafuta kebo ya kuunganisha hivyo vitu viwili. Ya kwanza, ya bei chee, ilimletea alama za ajabuajabu, ya pili ikashika. Huo ndio ulikuwa mradi wake wa mwaka wa mwisho: kuonyesha kwamba zahanati isiyo na kitu inaweza kufufua mizani ya zamani na kutunza uzito wa watoto kwenye kompyuta. Akishindwa, anarudia mwaka, na wa kumlipia hayupo.

Basi akafanya ambacho kila mtu hufanya. Aliweka kwenye programu mstari mmoja wa kuiamuru mizani, kupitia ile kebo, ijirudishe sifuri kila kabla ya kupima. Gramu mia nne zikafutika.

"Dada, niazime mtoto."

"We msomi, mwanangu si gunia la mchele," dada yake alisema, lakini akamleta. Mtoto alikuwa na miezi miwili, mashavu yamemjaa. Kilo nne na gramu mia sita. Dada akampigia makofi kana kwamba kafaulu mtihani.

Wakawa wanampima kila siku baada ya chakula cha mchana, jua likiwa utosini na nyumba nzima imenyamaza. Siku ya pili mtoto alipungua gramu mia moja na hamsini. Siku ya tatu, mia na hamsini nyingine. Mwanafunzi alilaumu kebo, akalaumu mizani, akabadilisha kasi ya mawasiliano, akalaumu kebo tena. Siku ya nne dada yake alisimama mlangoni, mtoto begani.

"Hanyonyi," alisema kwa sauti ya chini. "Na mwepesi. Nikimnyanyua mkono unapaa wenyewe."

Walikwenda hospitali, wakaambiwa hana ugonjwa, wakarudi na dawa ya matone. Chumba cha mizani sasa kilinuka maziwa yaliyochacha. Walideki, wakafungua madirisha, harufu ikabaki palepale juu ya meza, na ukikaa kimya ulisikia sahani ikilia taratibu, kama kitanda mtu anapojigeuza.

Siku ya nane, mwanafunzi alifungua kumbukumbu za programu, akatazama namba ambazo mizani ilikuwa ikileta kabla ya kufutwa na ule mstari wake. Sahani tupu: mia nne. Kesho yake, mia tano na hamsini. Halafu mia saba. Leo, kilo moja na gramu mia nne na hamsini. Akajumlisha na uzito wa mtoto wa kila siku, akapata kilo tano kamili, kila siku, bila kukosa hata gramu; akachomoa mizani kwenye umeme, namba zikaendelea kuja; akachomoa kebo kwenye lile tundu la pini tisa, akaishika ikiwa inaning'inia mkononi, haijagusa chochote, na kitaa kidogo kilichokuwa kwenye kebo kikaendelea kumetameta, na namba zikaendelea kuja, na chumba cha pili mtoto akaanza kulia kilio chembamba cha mtu asiye na pumzi.

Akatoka mbio hadi kwa jirani.

Jirani huyo walimwita Mzee Mawe, kwa sababu miaka thelathini alikuwa mkaguzi wa mizani, akizunguka madukani na sanduku la mawe yake ya shaba. Alikuja akinung'unika kuhusu vijana na mashine zao. Harufu ilipomfikia mlangoni, manung'uniko yakamkatika.

"Ulipoona hizo mia nne, ulifanya nini?"

"Niliandika amri ya kuirudisha sifuri kila tunapopima, babu. Sahani ilikuwa tupu."

"Tupu kwa macho yako." "Jini wa namna hii nimemkuta mara moja tu, kwenye duka la nafaka. Anachotaka ni asihesabiwe. Wewe umemwandikia amri kabisa, kila siku, kwamba hayupo. Sasa anakula atakavyo. Futa hiyo amri, umpime peupe, umsome kwa sauti, mama wa mtoto akisikia."

"Nikiifuta, vipimo vyangu vyote vya wiki ni takataka. Na kesho nawasilisha."

Dada yake alimtazama tu, kichanga kimelegea mikononi mwake, na mwanafunzi akaona haya mpaka machozi yakamtoka. Akaufuta ule mstari.

"Kilo moja, mia nne na hamsini," alisoma. Sahani ikalia. "Kilo moja na mia nne. Kilo moja na mia mbili..." Kila aliposoma, kitu kilivuta pumzi karibu na sikio lake, pumzi ya joto, ya hasira, na dada yake akawa anainama kidogo kidogo kwa uzito unaomrudia mikononi, akilia na kucheka, mpaka mtoto akageuza kichwa na kutafuta ziwa.

Namba zikasimama kwenye mia nne.

"Hapo ndipo alipoanzia," Mzee Mawe alisema. "Huyu ni wa mizani, si wa nyumba. Ipeleke ikayeyushwe. Leo."

"Sawa, babu."

Alikusudia kweli. Lakini usiku alipiga hesabu za mwaka mzima wa kurudia, akajiambia kwamba bila amri ya sifuri haina madhara. Asubuhi akaibeba hadi chuoni, akaiweka mezani mbele ya mwalimu wake, mama mwenye mimba ya miezi saba.

"Mizani tupu inasoma mia nne?" mwalimu aliuliza. "Halafu unauita mradi?"

"Naomba tuiache hivyo hivyo, mwalimu. Nitaeleza."

"Kitu kidogo tu hiki." Akainama juu ya kompyuta na kuandika amri mwenyewe, haraka, kama mtu aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote. Sifuri. "Umeona?"

Kisha akaweka kiganja tumboni, akasubiri, akakihamishia upande mwingine.

"Gramu mia tano na hamsini," mwanafunzi akaanza kusoma kwenye kumbukumbu za programu.

"Hebu kaa kimya kidogo," mwalimu alisema. "Nasikiliza mtoto."