Kimkate cha Ilyas

Kila mchana akitoka shule, Ghizlane alikuwa na kazi yake. Alimfunga mdogo wake Ilyas mgongoni, akabeba ubao wenye mikate mibichi iliyofunikwa kitambaa, akateremka vichochoro vya Fes hadi kwenye tanuri la mtaa. Bibi, ambaye ndiye aliyekanda unga, hakukosa kubakiza donge dogo na kulifinyanga kimkate cha kumtosha Ilyas.

Mchomaji mikate, Ami Idrisi, hakumwacha mtoto apite bila kumsalimu.

"Hujambo, bwana mkubwa? Umeshinda salama?"

"Ameshinda salama, ila jino linamsumbua," Ghizlane alijibu.

"Na hiki kimkate cha nani?"

"Chake, Ami. Anakitaka kilichoiva sana."

Ilyas alikuwa amenyoosha kidole tu. Ghizlane alijua kila mguno wake na kila mkunjo wa uso wake, na alijivunia kipaji hicho kuliko hata alama zake za hesabu. Majirani walimwita msemaji wa Ilyas, naye akavimba kichwa.

Mama, kwa upande wake, hakuwa na raha. Ilyas alikuwa amekaribia miaka miwili bila kutamka neno hata moja. "Pengine hasikii," Mama alisema siku moja. Kesho yake wakaenda zahanati wote watatu.

Muuguzi, Bi Hanane, alitikisa kengele nyuma ya Ilyas, naye akageuka papo hapo. Akampima masikio kwa makini, akasema ni mazima. Mama akashusha pumzi. Kisha Bi Hanane akainua mpira.

"Hii nini, Ilyas?"

"Mpira," Ghizlane alidakia.

"Unaupenda?"

"Anaupenda, hasa ukiwa mwekundu."

Bi Hanane alimtazama Ghizlane juu ya miwani yake. "Kumbe mgonjwa wangu ni wewe? Mbona unazungumza vizuri hivyo kwa mtoto wa umri huu?"

Mama aliangua kicheko. Ghizlane alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Usinune, binti yangu," Bi Hanane alisema. "Unamwelewa, na hilo ni jema. Lakini ikiwa kila anachotaka kinamfikia kabla hajafungua mdomo, aufungue wa nini? Mwongeleshe. Mtajie mnayoyaona njiani. Muulize, mtazame usoni, halafu nyamaza umsubiri. Hata akiguna, mjibu, maana ndiyo maongezi yake. Mnirudishie mwezi ujao nimwone tena."

Kuongea hakukumpa Ghizlane taabu. "Mwone punda, Ilyas. Punda amebeba nini? Amebeba ngozi." Kunyamaza ndiko kulikomtesa. Alikuwa na jibu tayari, nalo likimwasha ulimini, huku Ilyas akimkodolea macho tu. Polepole mtoto akaanza kumrudishia "ga-ga-ga" na "de-de-de" ndefu ndefu, na Ghizlane akazijibu kama vile ni hotuba. Lakini neno lenyewe halikuja, na siku ya zahanati ilikuwa inakaribia.

Alhamisi moja foleni ya tanurini ilifika hadi nje. Ghizlane alimshusha Ilyas chini. Ami Idrisi akachomoa kimkate kwa ubao wake wenye mpini mrefu, kikifuka mvuke.

"Hiki cha nani?"

Ilyas alinyoosha kidole, kisha akamgeukia dada yake. Ghizlane akauma midomo.

"Mjibie basi," jirani yao Bi Batul alilalamika nyuma yake. "Mikate yangu itageuka makaa humo ndani."

"Ami hakuniuliza mimi," Ghizlane alisema.

Ilyas alikitazama kimkate, akamtazama Ami Idrisi, akajipiga kifuani kwa kiganja.

"Angu."

Bi Batul alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele, mikate yake ameshaisahau. Ghizlane alimnyakua mdogo wake na kimkate chake, akapanda kichochoro mbio huku akicheka na kulia kwa pamoja. "Mama! Bibi! Amesema!"

Mama alitoka na mikono yenye povu la sabuni. "Cha nani hicho, mwanangu?" aliuliza, akasubiri.

"Angu."

Mama akawakumbatia wote wawili, povu likiwa bado mikononi. "Siku zote ulimsemea kwa kuwa unampenda," alimwambia Ghizlane. "Leo umempenda zaidi, umemwachia nafasi. Mtoto hujifunza kusema kwa kuzungumza na watu, si kwa kusemewa."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Batul, amebeba mbao mbili za mikate ya moto, ubao wake na ule alioacha Ghizlane. "Na hii iliyosahauliwa tanurini ni ya nani?"

Ghizlane alifungua mdomo, akaufunga, akamtazama Ilyas.

"Angu," alisema Ilyas.

"Hata huu ubao wangu mimi?"

Ilyas alifikiri kidogo. "Angu."