Meza ya Maboksi

Kila siku nikirudi kutoka shuleni nabadilisha sare, nakula, halafu nakwenda kufagia maranda kwenye karakana ya mama. Karakana iko ubavuni mwa nyumba yetu, mtaa wa Lizaboni, chini ya paa la mabati lisilo na kuta. Mama yangu ni fundi seremala. Najua unashangaa, wateja wapya nao hushangaa. Wakimkuta ameshika randa huuliza, "Fundi yuko wapi?" Mama huwajibu bila kuinua kichwa, "Unamwona."

Jina lake ni Kunegunda, na ana utaratibu ambao sijauona kwa fundi mwingine yeyote. Kabla hajakata ubao hata mmoja, hupeleka maboksi matupu kwa mteja. Huyakunjua, huyatandaza sakafuni na kuyakata mpaka yanalingana na meza inayotakiwa. Kisha huwaita watu wa kweli, huwakalisha juu ya ndoo kuzunguka yale maboksi, na kuanza kuwaamrisha. "Wewe wa kule mwisho, toka nje. Wewe fungua mlango. Wewe pita nyuma ya mwenzako na sinia." Wakibanana, mama hupunguza maboksi kwa kisu. Wakipita wote, ndipo anaandika vipimo.

Mimi utaratibu huo ulikuwa unaniaibisha vibaya. Siku moja wanafunzi wenzangu wa darasa la sita walinikuta njiani nimebeba maboksi kichwani, na tangu hapo wakaniita Mama Maboksi. Hata mwalimu wa zamu aliwahi kuniita hivyo kwa bahati mbaya, darasa zima likacheka.

Mwezi wa tano alikuja Bwana Osmund, katibu wa chama cha wafuga nyuki. Chama kilikuwa kimepanga ofisi mtaa wa Msamala, yenye chumba kidogo cha mikutano, na alitaka meza na viti vinane.

"Fundi, siku ya ufunguzi watakuja viongozi wa matawi yote," alisema. "Kila tawi linatafuta fundi wa samani. Kazi ikiwapendeza, jina lako litafika mpaka Tunduru."

Mama alifurahi sana. Tatizo ni kwamba siku mbili kabla alikuwa amekanyaga msumari. Mguu ulikuwa umevimba, na zahanati walimkataza kutembea. Akanipa tepu ya kupimia.

"Dorine, umeniona nikifanya kazi hii mara nyingi. Nenda na Shakila. Tandaza maboksi ya futi sita kwa tatu, ukalishe watu wanane. Usiniletee vipimo vya chumba kitupu, mwanangu. Nataka kujua watu wamepita wapi."

"Sawa, Mama," nilimjibu, kifua mbele.

Shakila ni rafiki yangu tangu chekechea. Tulifika Msamala saa kumi, tukapima chumba: futi kumi na mbili kwa tisa. Nikachungulia dirishani. Loo! Nusu ya darasa letu walikuwa uwanjani mbele ya ofisi wakicheza rede. Nikawaza jinsi nitakavyokwenda kumwomba fundi cherehani na muuza vocha waje kukaa kwenye ndoo, wenzangu wakichungulia na kuangua kicheko. Nikayasukuma maboksi nyuma ya mlango.

Bwana Osmund alikuja na soda mbili na simu yake. "Hebu ona hii," aliniambia. Ilikuwa picha ya meza ndefu inayong'aa, imezungukwa na viti vipana vyenye mikono. "Futi nane kwa nne. Hiyo ndiyo meza ya viongozi. Itaingia?"

Nikakitazama chumba. Kilikuwa kitupu na kilionekana kikubwa kweli. "Itaingia, baba," nilisema.

Shakila alinivuta sketi. "Na watu wanane?"

"Nyamaza wewe, watu si watakaa kwenye viti?"

Jioni mama aliniuliza kama nimetandaza maboksi. Nikasema ndiyo, watu wanane wamekaa, wamepita vizuri, hata futi nane kwa nne inatosha. Nilisema bila kupepesa macho. Mama akaandika vipimo kwenye daftari lake.

Wiki tatu karakana ilinukia mbao za mninga. Mguu wa mama ulipopona, meza ilipelekwa Msamala kwa guta la magurudumu matatu ikiwa vipande, naye akaiungia mle ndani. Alipomaliza alisimama kati ya ukuta na meza, akapima kwa kiganja, akakunja uso.

"Dorine, naona pamebana. Una uhakika watu walipita hapa?"

Hapo ndipo ningeweza kusema. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Lakini meza ilikuwa imekwisha kuungwa, vanishi inang'aa, na mimi nikaogopa.

"Ndiyo, Mama. Walipita."

"Haya," alisema, na akaanza kukusanya bisibisi zake.

Viti vililetwa asubuhi ya ufunguzi yenyewe, wageni wakiwa tayari uwanjani. Mama alibaki barazani akisalimiana na watu, mimi nikapewa kazi ya kugawa vitafunwa. Aliyetangulia kuingia ni mwenyekiti, Mzee Bakili wa Tunduru, mzee mnene mwenye kicheko kikubwa, akapelekwa kiti cha heshima kule mwisho, chini ya dirisha. Wengine wakafuata, watatu upande huu na watatu upande ule. Mikono ya viti ilikuwa ikisuguana, na migongo ya viti ikagusa ukuta. Wa mwisho kuingia alikuwa Bi Zuhura, muuguzi mstaafu, akakaa karibu na mlango.

Nikasimama mlangoni na sahani za korosho ambazo Mzee Bakili mwenyewe alikuwa amezileta kutoka shambani kwake. Nilitaka kuingia kugawa. Sikuweza. Hapakuwa na pa kupitisha hata mguu.

"Lete, tutapokezana," alisema Bi Zuhura, na sahani zikaenda mkono kwa mkono mpaka mwisho.

Mkutano ulianza vizuri. Bwana Osmund alisimulia jinsi nyuki walivyomkimbiza hadi akaingia mtoni na suti yake, na wote wakacheka. Mzee Bakili alicheka kuliko wote, mdomo umejaa korosho.

Ghafla kicheko chake kikakatika.

Alishika koo kwa mikono miwili. Macho yalimtoka, mdomo ukawa wazi, lakini hakutoa sauti wala hakukohoa. Nilidhani anatania. Halafu nikaona midomo yake inabadilika rangi.

"Amepaliwa! Msaidieni!" mtu alipiga kelele.

Bwana Osmund, aliyekaa jirani yake, aliruka kusimama. Kiti kiligonga ukuta, magoti yakagonga meza, akarudi chini kama aliyevutwa. Akajaribu tena, akarudi chini tena. Kila mtu alitaka kutoka na hakuna aliyeweza, maana kila kiti kilikuwa kimezuiwa na kingine. Viongozi saba walikuwa hatua tatu kutoka kwa mzee anayekufa, na hakuna aliyeweza kufika nyuma yake. Mtu mmoja akanyoosha glasi ya maji.

"Usimpe maji!" Bi Zuhura alifoka.

Kisha nikaona jambo ambalo sitalisahau. Bi Zuhura, mtu mzima yule, mwenye hijabu na gauni lake la sherehe, alipanda juu ya meza. Alitambaa kwa magoti meza nzima, sahani zikiruka huku na huku na soda ikimwagikia karatasi. Akafika mwisho, akamwinamisha Mzee Bakili mbele, kifua juu ya meza, akampiga mgongoni kati ya mabega kwa kitako cha kiganja. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Nilikuwa nalia kwa sauti bila kujua. Kwa pigo la tano korosho ilichomoka, ikaangukia juu ya daftari la Bwana Osmund.

Mzee Bakili alivuta pumzi ndefu iliyokwaruza. Akavuta nyingine. "Alhamdulillahi," alinong'ona, machozi yakimtiririka.

Watu walikuwa wakitazama meza ile nzuri ya mninga kana kwamba imewauma. Mwisho Bwana Osmund aliita, "Fundi! Hebu njoo uone. Hii ni meza au ni mtego?"

Mama alikuwa amekwisha kufika, amesimama nyuma yangu. Alitazama viti, ukuta, na Bi Zuhura aliyekuwa bado amepiga magoti mezani. Kisha akavua kilemba chake, akakishika mikononi.

"Viongozi wangu, naomba mnisamehe," alisema. "Kazi ni yangu na kosa ni langu. Mimi ndiye niliyepima vibaya."

Nilishtuka kuliko niliposhtuka kwa ile korosho. Mama yangu hajawahi kupima vibaya maishani mwake! Sasa alikuwa akisema hivyo mbele ya viongozi wa matawi yote, watu waliokuwa waende kulisambaza jina lake, na hata hakugeuka kunitazama. Nikajua kwamba ameshanijua. Alikuwa ameyaona maboksi yale niliyoyasahau nyuma ya mlango, hayajakunjuliwa, kamba bado imefungwa.

"Si kweli!" nilipiga kelele. "Mama hakupima. Nilipima mimi. Nilitumwa nikalishe watu wanane, sikukalisha hata mmoja. Niliona aibu. Halafu nikamdanganya Mama, mara mbili."

Bwana Osmund aliinamisha kichwa. "Na picha ya meza kubwa nilileta mimi," alisema polepole.

Mzee Bakili alinikazia macho mekundu. "Binti, njoo hapa."

"Siwezi kufika, babu," nilijibu nikilia. "Hakuna njia."

Bi Zuhura akaanza kucheka, kisha mzee mwenyewe, na chumba chote kikacheka kile kicheko cha watu waliotoka kuogopa. Mimi sikucheka, na mama hakucheka.

Tulipofika nyumbani Lizaboni, mama alinikalisha kwenye benchi la kazi.

"Meza nitaikata, na viti nitavitoa mikono. Hilo ni la msumeno," alisema. "Kinachoniuma ni kwamba nilikuuliza mara ya pili. Macho yangu yaliniambia pamebana, nikayaacha macho yangu nikashika neno lako, kwa sababu wewe ni mwanangu. Mtu anayetumwa akaone, Dorine, anabeba macho ya aliyemtuma. Ukiona aibu, niambie umeona aibu. Nitakuelewa. Ukinidanganya, mimi nakata mbao, na mtu nisiyemjua ndiye anayekosa pa kupita."

Nilimwomba msamaha, akanisamehe. Lakini kwa siku nyingi kila nilichopima alikipima tena, kimyakimya, na mimi nikisikia ile tepu ikijirudisha nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi iliyofuata tulirudi Msamala. Safari hii nilibeba maboksi kichwani mwenyewe, nikapita uwanjani katikati ya mchezo wa rede. "Mama Maboksi!" walipiga kelele. "Ndiyo mimi," nikawajibu, "na nahitaji watu wa kukaa kwenye ndoo." Wakaja watano wakikimbia. Shakila akawa wa sita, fundi cherehani wa saba. Wa nane alikuwa Mzee Bakili, aliyekuwa bado mjini kwa dada yake. Alidai akae palepale mwisho. Meza ilikuwa imeshatolewa, nikatandaza futi sita kwa tatu. Mzee aliinuka, akapita nyuma ya watu watatu bila kumgusa yeyote, akatoka mpaka barazani.

"Leo ningefika mpaka sokoni!" alisema kwa sauti. Kisha akamgeukia mama. "Fundi, na sisi Tunduru tuna chumba. Ni kidogo kuliko hiki. Njoo na maboksi yako."

Kabla ya Tunduru ilikuja kazi ya tawi la Ruhuwiko. Mama alikuwa na madawati ya kumaliza. Aliweka randa chini, akanipa tepu na furushi la maboksi, akarudi kwenye randa yake. Nilikaa Ruhuwiko mpaka jua likakaribia kuzama, maana mtu wa nane hakupatikana upesi, nikamngoja.

Niliporudi, mama aliuliza, "Watu walikaa?"

"Walikaa wanane, wakapita wote. Futi tano kwa mbili na nusu. Sita ilikataa."

Nikasimama nikisubiri aniulize mara ya pili. Mama alichukua penseli nyuma ya sikio, akachora mstari kwenye ubao, akashika msumeno na kuanza kukata.