Wito wa Tatu

Mzee aliingia kituoni asubuhi na kandambili za kuogea miguuni, akaenda moja kwa moja hadi mezani kwa Inspekta. Hakuna aliyemjua.

"Nimeibiwa mke wangu, mwanangu."

Inspekta aliweka kalamu chini. "Lini, baba?"

"Jana mchana. Alikuwa kwenye chaji."

Konstebo mmoja aliangua kicheko. Inspekta alimkata jicho, akamvutia mzee kiti.

Maelezo yalitoka polepole. Mkewe alikuwa marehemu. Alipoanza kuugua, walipata programu ya simu ya kuwakumbusha wazee dawa: maandishi makubwa, kifungo kimoja cha kijani, na nafasi ya kurekodi sauti ya mtu wa nyumbani. Mkewe akarekodi yake. Tangu simu iibiwe, mzee hajagusa kidonge cha moyo.

"Si dawa unazo?" aliuliza Inspekta. "Kunywa tu."

"Nikinywa bila yeye kuniita, nitakuwa nimekubali kwamba hayupo."

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Kisha akasema, "Saa ya dawa ya jioni utamsikia. Nakuahidi."

"Usiniahidi kama polisi. Niahidi kama binti."

"Kama binti, baba."

Jana waliingia nyumbani kwa mzee watu wawili tu: fundi bomba, na binti wa pekee wa mzee, ambaye hakuwa ameonekana kwa miaka, hata mazikoni. "Hata chai hakumaliza," alisema mzee.

Fundi bomba alihojiwa akiwa amelala chini ya sinki la mteja.

"Simu ya mzee? Afande, ile ina herufi kama bango la barabarani. Nimuuzie nani?"

Inspekta akaenda kwa msichana aliyebuni programu. Ukutani kwake kulikuwa na michoro ya kifungo kilekile, kila mmoja mkubwa kuliko uliotangulia. "Vidole vinatetemeka," msichana alieleza. "Nilirudia mpaka bibi yangu alipoweza."

"Una nakala ya sauti?"

"Hapana. Sauti ni yao, inabaki ndani ya simu. Mimi napata alama tu kifungo kikibonyezwa. Asipobonyeza, nampigia jirani."

"Kimebonyezwa tangu jana?"

Msichana alitazama kompyuta, akakunja uso. "Ndiyo. Ila ajabu. Kuna miito mitatu. Ukichelewa kubonyeza, unakuja mwingine. Mzee hubonyeza wa kwanza, siku zote. Tangu jana, mtu anangoja hadi wa tatu uishe."

"Mwizi wa kuuza angeizima," alisema Inspekta. "Huyu anasikiliza."

Saa ya dawa ya mchana ilimkuta mlangoni pa karakana ya mapazia alikofanya kazi binti wa mzee. Wenzake walikuwa wametoka kula. Kutoka kwenye droo ya cherehani, sauti ya mwanamke, iliyochoka kidogo, iliita:

"Baba Chiriku, kidonge cheupe. Na maji, si chai."

Binti hakubonyeza. Aliinamia droo.

"Baba Chiriku, nakuona!"

Binti aliinama zaidi.

"Kunywa, bwana. Chiriku akirudi atamkuta nani?"

"Chiriku ni wewe," alisema Inspekta.

Binti alishtuka, akafunga droo, akaifungua tena. Hakukana.

"Hakuna mwingine aliyebaki wa kuniita hivyo."

"Kwa nini hukumwomba baba yako?"

"Ningeanzia wapi? Walimkataa mwanamume niliyempenda, nikasusa nyumbani. Mama akaugua, nikasema nitakwenda wiki ijayo. Jana naosha kikombe, baba yuko nje na fundi, simu ikaita jina langu. Nikaitia mkobani. Nilitaka kumsikia mara moja tu. Kumbe alikuwa ananingoja, afande."

"Na dawa za baba?"

"Saa zake anazijua. Nilidhani kwake ile ni kengele tu."

"Hajagusa kidonge tangu jana."

Binti aliketi sakafuni, juu ya mapazia ya watu.

Kituoni, mkuu alikuwa mkali. "Simu hii sasa ni kielelezo cha kesi, haitoki bila amri ya mahakama. Ikitoka, barua yako ya kupanda cheo naichana."

"Naelewa, mkuu," alisema Inspekta, akaichukua simu.

Jioni aliiweka mezani kwa mzee. Sauti ikaita. Kidole cha mzee kilisogea.

"Baba, usibonyeze."

"Sijawahi kumfanya aniite mara mbili."

"Leo mfanye."

Ukaja wa pili. Ukaja wa tatu. Mzee aligeuka taratibu kuelekea mlangoni, ambako binti yake alisimama ameukumbatia mkoba, asithubutu kuvuka kizingiti.

"Chiriku," alisema. "Niletee maji."