Jicho la Pili

Bunduki ilikuwa imefungwa, na fundi alikuwa na hakika kwamba aliiacha wazi.

Kwa mtu wa kazi ile hili si jambo dogo. Fundi huyu, ambaye wakulima walimwita Springi kwa sababu kwa kila ubovu aliisingizia springi, alikuwa haondoki mezani bila kuacha bolti, kile chuma kinachofungia risasi, imevutwa nyuma, ili yeyote anayeingia aone kwa macho yake kwamba chuma hakina kitu tumboni. Na bolti ya shotigani ya kujipakia ikishavutwa nyuma ikanasa, hairudi mpaka mtu abonyeze kitufe. Yeye alikuwa amekwenda jikoni tu kutia maji kwenye birika. Akasikia klak, na aliporudi akaikuta imefumba. Nyumba nzima alikuwa peke yake.

"Uzee huu," alijiambia, akaivuta tena.

Uzee! Watu tunausingizia uzee mambo ambayo uzee wenyewe ukiyasikia utashtuka.

Lakini ngoja nieleze kwanza, maana asiyewahi kushika bunduki nitamwacha njiani. Ile bunduki ya marisau inayojipakia yenyewe ni chombo kizuri, ila ni laghai. Ukipiga, inatema ganda na kuvuta risasi nyingine kutoka magazini, kile kibomba kilicho chini ya mtutu, wala haikuulizi. Basi mtu anatoa risasi iliyo kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu, anapangusa mikono, anasema kazi imekwisha, kumbe nyingine imo kibombani inangoja zamu yake. Wako waliozikwa kwa kosa hilo, na wako waliozika watoto wao. Ndiyo maana Springi aliweka sharti katika karakana yake, ambayo kwa kweli ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: bunduki haiguswi mpaka iangaliwe na macho ya watu wawili. Yeye anavuta bolti na kuuliza, "Vipi?" Wa pili anainama, anachungulia tundu la chini, mlango wa kile kibomba, anasema, "Tupu."

Wa pili alikuwa mkewe. Kiti chake kilikaa ng'ambo ya meza, na muda wote alikuwa na kazi yake mikononi, kushona au kuchambua mboga. Akiulizwa, anaweka kazi chini, anainama, anatazama, ndipo anasema. Hata siku walizonuniana, wakapitana humo ndani kama wapangaji wawili, neno hilo moja hakumnyima.

Alikufa mvua zilipoanza. Fundi akaendelea kuuliza.

Aliuliza kiti. Kiti kikanyamaza. Akainama mwenyewe, akachungulia mwenyewe, akaendelea. Majirani walimsikia wakamhurumia, wakasema mazoea yana taabu, wakaenda zao. Hakuna aliyeingia kukaa naye. Mimi nasema hivi: ukizoea kuuliza swali ndani ya nyumba isiyo na mtu, usidhani hakuna anayesikiliza. Wapo viumbe wanaopita kando yetu, hawana kwao, na kinachowazuia mlangoni ni kukosa mtu wa kuwasemesha.

Alasiri moja jua lilikuwa limelala sakafuni na vumbi likielea polepole. Chumba kilinuka baruti iliyoungua, ingawa hakuna bunduki iliyopigwa humo. Fundi alivuta bolti.

"Vipi?"

"Tupu."

Sauti ilitoka kwenye kiti. Ilikuwa ya mkewe, na ule mkwaruzo wake wa asubuhi. Fundi alishika ukingo wa meza, akakaa hivyo mpaka birika likakauka motoni, na alipopata ulimi alinong'ona jina alilomwita mkewe walipokuwa vijana. Hakujibiwa. Akavuta bolti tena.

"Vipi?"

"Tupu."

Mzee alilia. Si kwa hofu. Alilia kwa sababu ilikuwa muda mrefu hajajibiwa na mtu.

Basi hofu ikageuka kuwa mazoea. Akawa anaamka mapema, ananyoa ndevu, anavaa shati safi kwenda kukaa chumba cha mbele. Bunduki ambazo hazikuwa na ubovu wowote alizifungua na kuzifunga ili apate kuuliza. Chai alimimina vikombe viwili. Na taratibu, bila kujua ni lini, akaacha kuinama kuchungulia mwenyewe. Kwa nini ainame, na jicho la pili limerudi?

Akaja mkulima mmoja, mgeni wa maeneo yale, nguruwe pori wanammaliza shambani. Anataka shotigani ya kujipakia, lakini amesimama mbele ya ukuta wa bunduki za kuuza hajui aanzie wapi.

"Hii yenye nakshi nimeipenda," alisema.

"Bunduki huchagui kama mchumba, kaka. Unachagua kama kiatu. Fumba macho, iweke begani. Haya, fumbua. Unaona nini?"

"Naona mgongo wake tu. Mdomo siuoni."

"Kitako hicho kimekushukia mno, jicho halifiki juu. Shika hii. Hii inajipakia kwa gesi ya baruti, inakudekeza bega, lakini inakula masizi. Usiposafisha pistoni yake itakwama nguruwe amekukodolea macho. Ile pale inajipakia kwa msukumo wa kurudi nyuma. Haichafuki sana, ila itakupiga mpaka mkeo aulize umegombana na nani."

"Basi hii ya gesi. Na mafuta?"

"Tone. Mafuta yakizidi yanashikana na masizi yanakuwa gundi, halafu unakuja kunilaumu mimi."

Mkulima alicheka. Kisha akageuza shingo kuelekea kile kiti, maana kulikuwa na mtu amekohoa pale, na jua lilimpiga machoni.

"Shikamoo mama, sikukuona."

"Marahaba," kiti kikaitika.

Mkulima hakujua kwamba nyumba ile haina mama. Aliaga, akaenda na bunduki yake. Fundi alibaki anatabasamu kama bwana harusi. Nakwambia kweli, alijisikia fahari.

Haukupita muda bunduki ile ikarudi, imekwama kwa masizi kama alivyoambiwa. "Risasi nimeshaitoa, mzee wangu," mkulima alisema, akaiacha mezani akawahi shamba. Siku hiyohiyo akaja binti wa fundi, mtoto wake wa pekee, naye amepakata kichanga chake. Alikuwa amekuja na neno moja.

"Baba, hama. Njoo ukae kwangu. Chumba kipo."

"Nitamwacha nani hapa?"

"Hapa kuna nani?"

Fundi alisogeza bunduki ya mkulima mbele yake. Binti alitaka kukaa kwenye kiti cha mama yake, akaweka mkono juu yake, akauondoa haraka. Kiti kilikuwa na joto, joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Alikwenda kukaa kwenye sanduku la mchanga lililokuwa kando ya ukuta, limefunikwa mkeka, akamnyonyesha mtoto.

Sasa sikiliza kuhusu sanduku hilo. Springi alikuwa na imani yake, kwamba springi haiwekwi ikiwa imekazwa. Kwa hiyo kila alipomaliza kukagua alifunga bolti, akaelekeza mtutu kwenye lile sanduku, akavuta triga ili nyundo ya ndani ipumzike. Mkono wake ulilijua sanduku lile kama unavyoujua mdomo wakati wa kula. Haukuhitaji macho.

Alivuta bolti. "Vipi?" aliuliza, uso ukiwa kwenye kiti.

"Tupu," sauti ilisema.

Binti aliinua kichwa. Harufu ya baruti ikajaa chumbani, na chini yake kulikuwa na harufu ya mafuta aliyokuwa akipaka mama yake kichwani, na yeye aliyekuwa amemwosha mama yake kwa mikono yake miwili na kumwona akifukiwa akamsikia sasa akivuta pumzi pale mezani, huku baba akibonyeza kitufe na bolti ikienda mbele klak, ikipita na kitu chekundu kilichopanda kutoka chini kikamezwa na chemba, na mtutu ukizunguka polepole, kwa upole wa kazi ya kila siku, ukaja ukasimama kwenye kichwa cha mtoto.

"Baba," alinong'ona. Hakuthubutu kupaza sauti. "Baba, imo. Nimeiona ikipanda."

"Tupu," sauti ikasema, tamu, karibu na sikio la mzee.

Kidole kilikuwa kwenye triga. Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa: mzee alisita kati ya hao wawili. Mmoja aliishi naye maisha yote. Mwingine alikuja kwa msimu, na sasa alikuja kumhamisha.

"Baba, mimi ndiye mtoto wako. Niangalie mimi."

Akageuka, akaona mtutu ulipoelekea. Akaunyanyua juu, akavuta bolti, na risasi nyekundu ikaruka ikadunda mezani, ikabingirika mpaka mbele ya kiti cha mkewe.

"Hakuinama," mzee alisema. "Mke wangu hakuwahi kusema bila kuinama."

Mganga aliyeletwa kesho yake alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mizito, hana mbwembwe. Alizunguka chumba, akanusa, akakaa kila mahali isipokuwa kwenye kile kiti.

"Hili halikuvunja mlango," alisema kwa sauti ya chini. "Uliliuliza, likajibu. Sasa lifukuze kwa mdomo wako mwenyewe. Liambie wewe si mke wangu, toka. Mimi siwezi kukusemea."

Mzee alichelewa kusema kiasi kwamba binti alianza kumwombea. Hatimaye akasema, na neno la "mke" lilimtoka kama jino. Kiti kikalia kidogo, kama kiti anapoinuka mtu. Harufu ikapungua, ikaisha. Nyumba ikanyamaza, ukimya ambao fundi hakuwa ameusikia tangu mvua zianze, na mganga akachukua mkoba wake akasema imekwisha.

Ilikuwa imekwisha kweli. Bunduki zilirudishwa kwa wenyewe, zilizobaki zikauzwa. Siku chache alizongoja kuhama, Springi aliuliza mara nyingi, mikono mitupu, hana hata bunduki ya kuvuta. Hakuna aliyemjibu. Ungedhani mtu aliyebakiza unywele amuue mjukuu wake angeshukuru. Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini mimi nyumbani kwangu kuna watu, sijui kula nikisikia taya zangu tu.

Binti alikuja na gari mchana. Akapakia masanduku, akamlaza mtoto kiti cha nyuma, akaketi kwenye usukani. Mzee alikuwa ameshafunga nyumba akasema amesahau miwani.

Miwani ilikuwa mfukoni. Alisimama katikati ya chumba cha mbele, kilichobaki na kile kiti tu, akavua kofia.

"Nilikukosea," alisema taratibu. "Sijali wewe ni nani. Usibaki peke yako humu. Twende."

Akasikiliza. Kisha akatoka, akaacha mlango wazi nyuma yake.

Alifungua mlango wa nyuma wa gari, akasimama ameushika.

"Ingia, Baba. Tutachelewa."

"Subiri kidogo, mama."

Alingoja, ameinamisha kichwa kama mtu anayempisha mkubwa wake. Gari likazama kidogo upande ule. Ndipo naye akaingia, akafunga mlango kwa upole, na binti akaondoa gari akifurahi kwamba amempata baba yake. Walipofika njia kuu alitazama kwenye kioo. Mzee alikuwa amejibana mlangoni, magoti pamoja, ingawa nafasi ilikuwa tele. Kati yake na mtoto kiti kilikuwa kimebonyea, na shuka la mtoto lilikuwa likifunuliwa taratibu.