Yule Aliyetolewa Shimoni

Jua lilikuwa linaingia upande wa Kongo, Abdu akaegesha takisi yake, lile basi dogo la kupeleka watu mjini na kuwarudisha, pale Rubona kando ya ziwa. Akazima injini, akakaa kwanza. Alikuwa amechoka. Si uchovu wa siku moja, ule mtu anaulalia akaamka mzima. Huu ulikuwa umehamia kwenye mifupa, kama mgeni asiyejua kuaga.

Rafiki yake Donat alikuwa akimngoja kando ya maji na jembe na mkebe mtupu. Wamekua pamoja, hawa wawili, wakiiba maparachichi ya watu kule mtaani Mbugangari. Sasa Abdu ni dereva, Donat ni mtu wa ofisi. Jioni hiyo walikuja kuchimba minyoo ya chambo. Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko, nao walitaka kwenda ziwani kuvua. Si kwa njaa wala kwa biashara. Kwa kujifurahisha tu. Donat alikuwa amenunua fimbo ya kuvulia, ile yenye kigurudumu cha kuzungushia uzi, na bado hajaitumia hata siku moja.

Donat naye alikuwa hoi. Baada ya miaka ya maombi, mke wake Uwimbabazi alikuwa amejifungua msichana, wakamwita Igihozo. Na Igihozo alilia. Alianza giza likiingia, akanyamaza jogoo wakiwika.

"We Abdu," Donat alisema, akichimba, "huyu mutoto analiaka sawa vile analipwa mushahara."

"Si ulimuombaka kwa Mungu wewe mwenyewe? Leo unalalamika?"

"Silalamike. Nataka siku moja tu. Kimya, nilale ndani yake. Kisha narudi, namubeba mupaka ataolewa."

Akacheka, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi chake kikavu. Kila mtu Mbugangari alikijua kikohozi hicho. Hata gizani ungejua Donat anapita.

Mzee Siméon, mwenye mtumbwi waliouomba, aliwatazama akatikisa kichwa.

"Watu ya biro, ya ofisi! Mutu anavua na hana njaa? Bon. Mukacheze na samaki. Samaki nayo itacheza na nyinyi."

Alfajiri waliingia majini. Wavuvi wa sambaza, wale dagaa wa ziwa hili, walikuwa wanarudi na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiimba kwa sauti za watu waliokesha. Donat aliwapungia mkono. Kisha ziwa likabaki lao peke yao.

Walitupa ndoano. Walingoja. Hakuna.

Wakasogea mbele, wakatupa tena. Hakuna. Jua likapanda, likawakalia kichwani. Abdu alisinzia ameshika kasia. Donat alisinzia ameshika fimbo yake mpya. Mnyoo ulikufa kwa maji, si kwa samaki.

Mchana simu ya Donat ililia. Uwimbabazi.

"Baba Igihozo, samaki iko? Mi nimeshatayarisha mafuta."

Donat alimtazama Abdu, akatazama ndoo tupu.

"Iko," akasema. "Tafuta na sahani kubwa."

Alipokata simu Abdu akacheka mpaka mtumbwi ukayumba. "Mwongo! Utamupikia ndoo?"

"Nyamaza. Mwanamuke hajalala wiki nzima, nitamurudilia mikono mitupu?"

Basi hapo ndipo mambo yalipoanzia. Wangeweza kurudi. Walichoka, jua liliwapiga, hakuna mtu angewacheka zaidi ya Siméon. Lakini Donat alikuwa ameshasema kuna samaki.

Alasiri ukungu ukashuka. Wakapiga kasia kutafuta pa kujificha, wakaingia kwenye kijighuba kati ya miamba myeusi ambacho hakuna kati yao aliyekijua. Humo maji yalikuwa ya vuguvugu. Hayakuwa na hata wimbi.

Na palikuwa kimya.

Si kimya cha mahali pasipo watu. Kimya cha mahali pasipo kitu. Hakuna ndege. Hakuna nzi. Hakuna hata chura.

"Abdu..." Donat alinong'ona. "Ona."

Samaki. Walielea tumbo juu, weupe, wanono, macho bado yanang'aa. Kutoka kwenye mtumbwi mpaka ukingoni, na pale ukingoni palikuwa na shimo, bonde dogo chini ya mwamba, nao walikuwa wamejaa humo kama mtu amewapanga.

"Hatukuwavua hawa," Abdu alisema.

"Nani atajua? Wewe utanichongea?"

Wakapanda ukingoni, na Donat akashuka shimoni na ndoo. Abdu alibaki juu ya jiwe, akatoa sigara. Akawasha kiberiti. Kikawaka. Akainama kuikinga na ukungu, na njiti ikazimika. Akawasha nyingine, akaishusha magotini. Ikazimika. Haikupepesuka, haikutoa moshi mwingi. Ilizimika kama mtu ameifinya kwa vidole.

Sauti ya marehemu shangazi yake, Mukandutiye, ikamjia masikioni. Mwanamke huyo alifua nguo kwenye ziwa hili maisha yake yote. Alikuwa akisema: "Mahali moto unakataa kuingia, na wewe kataa."

"Donat! Toka!"

Donat alikuwa ameinama anaokota. Aliokota mmoja. Akaokota mwingine. Kisha akapiga magoti taratibu, kama mtu anayetaka kuswali, akalala kifudifudi juu ya samaki.

Abdu akavuta pumzi, akaifunga, akaruka ndani.

Alimshika makwapani. Donat ni mtu mzito, mwenye mwili. Abdu alijiandaa kuvuta mpaka mgongo ukatike. Lakini Donat alikuja. Alikuja mwepesi, kirahisi, kana kwamba kule miguuni kulikuwa na mtu...

Anasukuma.

Akamlaza juu ya jiwe. Kifua hakikupanda. Akamtikisa, akampiga mashavu, akamwita kwa jina, akaliita na jina la mtoto. Hakuna. Abdu alianza kulia, yale machozi ya mtu aliyechoka, yasiyo na sauti.

Donat akafungua macho.

"Twende," akasema. "Nimepumzika."

Akainuka, akaibeba ndoo ya samaki, akaketi kwenye mtumbwi, akashika makasia yote mawili. Hakupepesuka. Hakuuliza kilichotokea. Abdu akasukuma mtumbwi majini, akapanda. Harufu ya kiberiti kilichozimika ilikuwa imewafuata. Walipotoka kwenye miamba, ukungu ukajifunga nyuma yao.

Na kule nyuma, ndani ya shimo, mtu akakohoa.

Kikohozi kikavu. Mara moja.

Abdu alikisikia. Alisema moyoni ni mwamba, ni maji, ni masikio ya mtu mwenye usingizi. Hakugeuka. Donat alikuwa mbele yake, anapiga kasia. Alipiga kutoka pale mpaka Rubona bila kupumzika, na Abdu, aliyekaa anamtazama, hakuona hata mara moja bega likipanda kwa kuhema.

Walifika giza likianza. Siméon alikuja na taa ya mafuta kuona walichovua. Donat akampita na ndoo. Taa ikazimika. Donat akaenda mbele, na Siméon akaiwasha tena bila shida.

Mzee akamshika Abdu mkono.

"Ulimutoa wapi huyu?"

Abdu alimweleza kwa kunong'ona. Ghuba, samaki, shimo.

"Mazuku," Siméon alisema.

Neno hilo watu wa upande huu wanalijua. Ni upepo mbaya, hauna rangi, hauna sauti, unakaa mabondeni. Waliosoma wanasema ni hewa inayotoka chini ya ardhi, ndugu wa moto wa volkano. Wazee wanasema ni watu waliochoka kukaa chini.

"Alikuwa muzito wakati ulimuvuta?" Siméon aliuliza.

"Hapana. Alikuwa mwepesi... sawa vile kuko mutu alikuwa anasukuma."

Siméon aliweka taa chini.

"Basi hukumuvuta. Ulipewa." Akatazama kule Donat alikokuwa, amesimama wima kando ya takisi, hajaegemea kitu. "Sikia, mutoto wangu. Mazuku inakaaka chini. Mutu mukubwa anasimama, inapita kwa miguu yake. Kwake kuko mwenye hajasimama bado, mwenye analala tu?"

Abdu akamfikiria Igihozo, lakini mtu humwacha vipi rafiki yake njiani? Akaendesha kama mwizi. Donat alikaa pembeni yake, anatabasamu, na Abdu alifungua madirisha yote huku kichwa kikimgonga kwa maumivu.

Uwimbabazi aliwapokea mlangoni, Igihozo mgongoni analia, macho ya mama yamevimba kwa usingizi. Alipoona ndoo alicheka kwa furaha.

"Yewe! Kumbe haukudanganya! Shemeji Abdu, kaa, leo mutakula."

Mkaa ulikuwa tayari mwekundu kwenye jiko la imbabura. Donat akachutama kando yake. Mkaa ukafifia, ukawa kijivu, ukawa mweusi. Uwimbabazi akapuliza, akapepea kwa sahani, akanung'unika kwamba siku hizi wanauza mkaa wa maji.

"Nipe mutoto," Donat alisema. "We umechoka. Mi nitamulaza."

"Mama Igihozo, usimupe," Abdu alisema. Lakini alisema kwa sauti ya mtu asiyejua ataeleza nini, na mama alikuwa ameshafungua kitenge.

Donat alimpokea mtoto kifuani. Akainamisha uso karibu na uso wake.

Kilio kikakatika.

Hakikupungua kidogo kidogo kama mtoto anayebembelezwa. Kilikatika.

"Mungu asifiwe," Uwimbabazi alinong'ona, akaegemea ukuta, akafumba macho. "Amelala. Hatimaye amelala."

Mkono mdogo wa Igihozo ulianguka pembeni, ukaning'inia.

Abdu akamnyang'anya. Akapanda juu ya kiti, akamwinua mtoto mpaka chini ya mabati, mikono yake yote miwili juu.

"Una wazimu?" Uwimbabazi alipiga kelele. "Ndio kwanza analala!"

"Halali huyu! Mwangalie midomo!"

Midomo ilikuwa ya buluu. Abdu alimshikilia pale juu, mabega yakimwaka moto, akamsihi Mungu na akamsihi shangazi Mukandutiye. Mpaka mtoto akatoa sauti kama paka. Kisha akalia. Akalia kilio kile kile cha kila siku, na mama yake akaanguka magotini, hakunung'unika tena juu ya mkaa.

Donat alikuwa bado amekunja mikono kifuani, kama aliyembeba mtu.

Usiku ule ule Abdu alimpeleka Donat hospitali. Wakamwekea hewa ya chupa, wakamlaza siku kadhaa. Daktari aliwaeleza vizuri, kwa upole. Amevuta hewa mbaya. Imemwingia, imemlevya, na nguo zake huenda zilibeba nyingine. Wengi hawaponi, akasema. Huyu ana bahati. Na kweli, Donat aliporudi nyumbani, mkaa uliwaka na taa ziliwaka. Kifua chake kilipanda na kushuka. Kikohozi kilikuwa kimepona kabisa. Majirani wakamshukuru Abdu, wakamletea sukari na mchele.

Abdu angependa yaishie hapo. Alikuwa amechoka mno kutafuta mengine. Alipomkuta Siméon bandarini na mzee akaanza kumwambia kwamba wavuvi hawapiti tena karibu na ile miamba, kwamba wakati wa ukungu kuna mtu anakohoa mle, Abdu aliwasha gari.

Kisha siku moja Uwimbabazi alimwita. Alikuwa amekonda.

"Shemeji, ingia. Sema polepole."

Igihozo alikuwa kitandani, macho wazi, anacheza na vidole vyake.

"Baba yake hachoki tena," mama alinong'ona. "Anachota maji, anafua, anaenda kazini. Usiku anakaa tu pembeni ya kitanda, ananiambia nilale. Watu wanasema nimepata mume wa kweli. Na mutoto halii tena. Hata kidogo."

"Si ndio muzuri?"

"Ngoja. Anakuja sasa."

Wakangoja. Mlango wa uani ukafunguka. Mtoto akaacha vidole. Akageuza macho upande wa sauti. Kisha akavuta hewa nyingi, mashavu yakajaa, akabana midomo.

Kifua kikasimama.

"Anafungaka pumzi," Uwimbabazi alisema. "Mupaka baba yake amepita. Kila siku anakaa zaidi. Nani alimufundisha, shemeji? Ni mutoto mudogo, nani alimufundisha?" Akamshika Abdu mkono, vidole baridi. "We ndio ulikuwa kule. Ulinitolea nani?"

Abdu alikikumbuka kile kikohozi cha shimoni.

Akaweka kiganja juu ya kifua kile kidogo, akangoja kiinuke. Nje, mlangoni, Donat alikuwa anavua viatu, polepole, kama mtu asiye na haraka.