Aliyebeba Daraja

Kukagua madaraja ni kazi isiyo na shukrani, jamani. Daraja likisimama, hukufanya kitu. Likianguka, unatafutwa wewe.

Jua lilikuwa linazama. Lilibaki daraja moja tu, barabara ya Madibira, halafu nirudi Mbeya nikalale. Mgongo unauma, njaa inauma. Juu ya daraja, dereva wetu Lusekelo alikuwa amezuia malori ya mpunga, na honi zinalia utadhani harusini.

"Mama Jackline, fanya haraka! Watanipiga hawa!"

"Wasubiri!"

Nikashuka chini na nyundo. Zege zima ukiligonga linalia kikavu. Lililooza ndani linalia kama debe tupu. Nikagonga nguzo ya kati.

Ko.

Kikavu. Nikageuka niondoke.

Ko... ko.

Sikugonga mimi.

Harufu ya jasho ikanijia, jasho la mtu aliyebeba mzigo kutwa nzima. Nikaweka sikio kwenye zege. Lina joto. Na ndani, mtu anahema.

"Dada..." ikanong'ona sauti. "Nimechoka. Nipokee."

Hapo ndipo malezi yaliponiponza. Kwetu, mwenye mzigo akikwambia nipokee, humuulizi wewe nani. Unanyoosha mikono, unasema lete. Bibi alitufunza hivyo kwa makofi. Nami nilikuwa hoi, mdomo ukatangulia akili.

"Haya, lete."

Mama yangu! Mabega yalishuka, magoti yakapiga mchanga. Nikagonga tena nguzo.

Debe tupu.

"Lusekelo! Funga daraja! Asipite mtu!"

Mafundi walipoibomoa nguzo ile, walikuta uwazi katikati. Uwazi wenye umbo la mtu aliyesimama, mikono juu. Hakuna hata mfupa. Wazee wa pale wakatazamana, wakaondoka. Mimi ofisini nikapongezwa.

Nguzo mpya imeshajengwa. Lakini lori likipita kule Madibira, mimi huku Mbeya nainama. Msimu wa mpunga silali kabisa.

Jana jioni nimerudi nyumbani, mkoba begani. Jackline wangu akanikimbilia, mikono mbele, kama nilivyomfunza mwenyewe.

"Shikamoo mama. Umechoka eeh? Lete, nikupokee."

Nilipaswa kupiga kelele. Mungu anisamehe... nilikaa kimya kwanza, namwangalia.

Mabega yaliniuma sana.